Milimita Kumi na Nne

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe siku ya kazi au sikukuu, mama mmoja wa makamo alifungua geti dogo la uzio wa waya, akainama mbele ya kopo la shaba lililozikwa nusu kwenye nyasi, akatoa chupa iliyokuwa ndani na kumimina maji yake kwenye gilasi nyembamba yenye mistari. Alipiga goti ili jicho lilingane na maji. Kisha akaandika. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Harusi ya binti yake mkubwa ilichelewa nusu saa kwa sababu mama wa bibi harusi alikuwa bado kapiga goti nyasini.

Wenzake walimwita Mama Milimita, na jina likamganda. Ukimwuliza jana mvua ilinyesha kiasi gani, hakukwambia nyingi wala kidogo. Alikwambia "sita nukta mbili," na ukijitia kusema mbona ilionekana kama saba hivi, hakukusalimia siku mbili.

Kituo chao cha hali ya hewa kilikuwa chumba kimoja na stoo, pembeni mwa uwanja uliokuwa na ofisi nyingine nne za serikali: kilimo, mifugo, maji na ardhi. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa karatasi. Kikombe kikikutwa hakijaoshwa, alitoa waraka. Choo kikiziba, waraka. Kwa hiyo watu walimwita Waraka, akiwa hayupo. Waraka wake alioupenda kuliko zote ulibandikwa kwenye mlango wa stoo, ukavishwa nailoni usije ukalowa: "Ni marufuku kucheza kamari ya aina yoyote katika eneo la kazi. Mtumishi atakayebainika atafukuzwa papo hapo, bila onyo na bila kusikilizwa." Chini yake saini kubwa, imejikunja kama mkia wa nge.

Ukiunyanyua waraka huo kwa kidole, nyuma yake ulikuta orodha ya wacheza kamari.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila mwanzo wa mwezi, watumishi wa ofisi zote tano walikisia jumla ya mvua itakayopimwa mpaka mwezi uishe. Kila mmoja aliweka kilo moja ya sukari stoo. Aliyekaribia zaidi alichukua yote. Walikuwa watu arobaini na mmoja, na jina la kwanza kwenye orodha, kwa mwandiko mzuri, lilikuwa la Waraka mwenyewe.

Karani mgeni wa ofisi ya ardhi aliwahi kumwuliza kama hilo halikatazwi na tangazo la mlangoni.

"Kamari ni fedha, kijana," alijibiwa. "Hii ni sukari. Sukari ni chakula. Tangu lini mtu akafungwa kwa chakula?"

Mama Milimita hakucheza, maana ndiye aliyepima. Yeye alikuwa refa. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni mwa stoo, akasoma jumla, kisha akamtazama bwana mifugo au mhasibu wa maji akifunga gunia la sukari nyuma ya baiskeli na kuondoka akiimba. Miaka kumi na tisa alisoma hesabu hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, mama, chukua japo kilo moja ya chai ya wajukuu. Moyoni lilimkaa kama mwiba wa samaki.

Aliyeliona jambo hilo alikuwa dereva wa kituo, aliyeitwa Gia. Gari lake lilikuwa juu ya mawe mwaka wa pili sasa, likisubiri vipuri, na hilo halikumzuia kuliosha kila asubuhi kwa sabuni ya unga na kitambaa laini, kwa sababu kazi aliyoajiriwa ilikuwa gari, na gari lilikuwepo.

"Mama," alimwambia siku moja akikamua kitambaa, "hujachoka kuwapikia watu na wewe ukabaki na moshi?"

"Mimi ni refa."

"Refa wa mpira analipwa. Wewe nipe namba tu. Nitaandika jina langu, tukipata tunagawana nusu kwa nusu."

"Haifai."

"Mama, ni sukari."

Alikataa mwezi huo. Mwezi uliofuata alikataa pia, lakini kwa sauti ndogo. Mwezi wa tatu alipokuwa akipita karibu na gari, bila kusimama na bila kugeuza shingo, alisema, "Ishirini na tatu."

Haki ya Mungu, aliitaja kwa akili yake tu. Hakuwa na hila. Ulikuwa mwezi wa mahindi kuchanua, mawingu yalikuwa yakijikusanya jioni, na uzoefu wake ulimwambia ishirini na tatu. Lakini mawingu nayo yana tabia ya wanasiasa. Yalijikusanya, yakanguruma, yakatawanyika. Mpaka siku moja kabla ya kufunga hesabu, mwezi mzima ulikuwa na milimita tisa. Alasiri hiyo Gia alipitisha kichwa dirishani.

"Mpaka sasa tuna ngapi, mama?"

"Tisa."

"Aa," alisema Gia, akaondoka akihesabu kwa vidole.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mwezi, Mama Milimita aliingia uani viatu vyake vikiwa vyekundu kwa vumbi. Ardhi ilikuwa kavu kama kigae. Alipotoa chupa, mkono ukashtuka kwa uzito. Alimimina, akapiga goti, akasoma. Kumi na nne kamili, bila nukta. Juu ya maji palikuwa na povu jembamba, limekaa ukingoni mwa gilasi kama kope. Alinusa. Sabuni ya unga.

Aliinua macho. Kule kwenye gari, Gia alikuwa amempa mgongo, akisugua kioo cha mbele na kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa mtu anayekutazama kwa kisogo.

Daftari la vipimo lina safu ya mwisho iitwayo Maelezo. Humo ndimo mpimaji huandika kama kipimo kimeingiliwa. Katika miaka ishirini na sita aliitumia mara mbili tu: mara moja chura alipoingia, mara ya pili ng'ombe wa ofisi ya mifugo alipolipiga teke lile kopo. Alijua kabisa cha kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini kichwa chake, ambacho kazi yake ilikuwa hesabu, kilikwisha kumwambia kwamba tisa na kumi na nne ni ishirini na tatu. Akaiona sukari. Si sukari yenyewe, maana nyumbani haikukosekana. Aliona gunia likitoka kwenye mlango ule, safari hii likielekea kwake.

Aliandika 14.0. Kwenye Maelezo hakuandika kitu. Mwandiko ulikuwa uleule wa kila siku, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye.

Mchana mama aliposoma jumla, Waraka aliirudia kwa sauti, akampiga Gia kofi la pongezi mgongoni. "Mvua ya ajabu hii! Sijui ilinyesha nikiwa bafuni." Watu walicheka. Kisha akapangusa vumbi mezani kwa kiganja, akaitia saini fomu ya mwezi na kuipeleka makao makuu.

Sukari iligawanywa nyuma ya gari, ishirini kwa ishirini, na ile kilo moja iliyobaki Gia alimwachia mama kwa heshima ya umri. Wajukuu walikunywa chai tamu. Yeye aliikuta ina ladha ya sabuni, akasingizia sufuria.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja kaka yake mkubwa alifika kituoni, kofia mkononi, karatasi mfukoni. Alikuwa mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache, na hakuwa na desturi ya kumfuata dada yake kazini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaikunjua karatasi polepole.

"Mdogo wangu, hii imetoka bima."

Aliisoma. Wakulima wa upande ule, mia nane na zaidi, walikuwa wamekatia mazao yao bima ya ukame. Masharti yalikuwa hivi: katika mwezi wa kuchanua, kituo kikipima chini ya milimita ishirini, kila mkulima analipwa. Kikipima ishirini au zaidi, halipwi mtu. Kampuni ilisikitika kuwaarifu kwamba kituo kilipima ishirini na tatu.

"Wanasema siku ya mwisho zilinyesha kumi na nne," alisema kaka yake. "Kwangu hata mbwa hakulowa. Mahindi yamekauka yamesimama. Wenzangu walitaka kuja na marungu."

"Mbona hawakuja?"

"Niliwazuia. Niliwaambia, huyo ni dada yangu, namjua. Akiandika kumi na nne, basi zilinyesha kumi na nne. Labda sisi tulikuwa tumelala." Akaikunja karatasi. "Nimekuja unioneshe tu zilinyeshea wapi, nikawaeleze."

Laiti angemtukana. Mama Milimita alitazama dirishani, akatazama mikono yake, akaona hakuna pengine pa kutazama ila usoni mwa kaka yake.

"Kaka, haikunyesha."

Alimweleza yote, ya orodha, ya sukari, ya povu. Alipomaliza, kaka yake aliuliza swali moja tu.

"Maji yenyewe yalikuwa kiasi gani?"

Alimwonesha kikombe cha chai kilichokuwa mezani. "Hiki. Na hakikujaa."

Mzee alikishika kile kikombe, akakigeuza, akachungulia ndani. "Nilidhani ni mengi," alisema. Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyohiyo Mama Milimita aliingia ofisini kwa Waraka na kumwambia kwamba kipimo kilikuwa cha uongo na kwamba ataandika barua makao makuu na nyingine kampuni ya bima. Waraka alifunga mlango, akafunga na dirisha.

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Tuyaache yakauke."

"Yalikauka siku ileile, Mkuu. Mahindi nayo yamekauka."

"Ukisema, waraka wangu wa kamari utakukumba. Unasema papo hapo, bila kusikilizwa. Niliuandika mwenyewe."

"Na jina la kwanza nyuma yake uliliandika mwenyewe."

Barua zilikwenda. Wa kwanza kufika walikuwa wakaguzi wa bima, kisha wakubwa kutoka makao makuu, kisha polisi wawili walioelekea moja kwa moja kwenye mlango wa stoo na kuunyanyua waraka kwa kidole. Juma hilo ofisi zote tano zilipatwa na maradhi ya ghafla. Bwana mifugo aliumwa mgongo, mhasibu wa maji alifiwa na shangazi ambaye alikwisha kumzika mwaka juzi.

Wakubwa wa makao makuu walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hutumia fimbo iliyo karibu. Fimbo iliyokuwa karibu ni waraka. Wakambandua Waraka kazini kwa maneno yake mwenyewe: papo hapo, bila onyo, bila kusikilizwa. Akakabidhi funguo kabla ya saa sita. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku hiyo alionja upande wa pili.

Mama Milimita naye aliletewa barua kama hiyo, akaikataa. Alisema anataka kusikilizwa. Aliomba kwa maandishi, mara mbili, mpaka wakamwitia kamati ya nidhamu ya watu watano na chupa za maji ya kunywa. Alisikilizwa saa mbili nzima. Alisema aliona povu, alinusa sabuni, alijua, na aliandika. Mwenyekiti alimwuliza kama ana la kujitetea. Alisema hana. Wakamfukuza kazi kwa kufuata taratibu zote, wakamshukuru kwa ushirikiano.

Kesi ya jinai ilikuwa na washtakiwa watatu. Yeye alishtakiwa kwa kuingiza uongo katika kumbukumbu za serikali, Gia kwa kuchezea chombo cha serikali, na Waraka kwa kuendesha kamari kazini. Wale wengine thelathini na tisa walipewa barua za onyo na kugeuzwa mashahidi, na wengi wao walipopanda kutoa ushahidi waligundua kwamba kumbukumbu zao zimechoka.

Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Mama Milimita alikiri kosa asubuhi ya kwanza, akakaa benchi la nyuma kusubiri wenzake. Kielelezo cha kwanza kilikuwa kilo kumi na tatu za sukari zilizokutwa nyumbani kwake. Kesi ilipotajwa mara ya pili zilikuwa tisa. Mara ya tatu zilikuwa sita, na mfuko ulikuwa ukitembea kwa wingi wa sisimizi.

"Kielelezo hiki kinapungua," alisema hakimu.

"Ni sisimizi, mheshimiwa," alijibu mwendesha mashtaka.

"Sisimizi wa mahakama hii wanakula kwa kilo kamili?"

Karani aliinamisha kichwa kwenye faili lake.

Gia alijitetea kwamba yeye alimwaga tu maji ya kuoshea gari, na upepo ukayachukua ukayaingiza kwenye kopo.

"Upepo ulichagua milimita kumi na nne?" aliuliza hakimu.

"Upepo hauna akili, mheshimiwa."

"Naona. Na gari ulilokuwa unaliosha lilikuwa linakwenda wapi?"

Gia alifikiri. "Lilikuwa linasubiri vipuri, mheshimiwa."

Waraka hakuajiri wakili, kwa kuwa hakuona anayeandika vizuri kumzidi. Alisoma utetezi wa kurasa kumi na moja. Kwa ufupi alisema kamari ni mchezo wa mali, sukari ni kiungo cha chai, kwa hiyo hapakuwa na kamari. Hakimu alimwacha amalize. Kisha akavua miwani.

"Mshtakiwa, ukitoka hapa ingia duka lolote, beba sukari, ondoka bila kulipa. Wakikukamata, waambie si mali. Ukirudi mbele yangu tutaendelea na hoja yako."

Hukumu ilisomwa siku ya Alhamisi. Waraka alipigwa faini. Gia alipewa miezi mitatu ya kufagia uwanja wa mahakama, kazi aliyoifanya vizuri kuliko udereva, kwa vile uwanja nao ulikuwa hauendi popote. Mama Milimita aliambiwa kwamba kosa lake ni kubwa kuliko yote, maana Gia alidanganya chombo, naye alidanganya watu waliomwamini. Lakini bila yeye kesi isingekuwepo. Faini, au kifungo cha miezi sita.

Hakuwa nayo. Mshahara ulikwisha kusimama na kiinua mgongo kilizuiliwa. Aliyekwenda dirisha la mahakama kulipa alikuwa kaka yake. Kampuni ya bima ilikuwa imesahihisha hesabu na kuwalipa wakulima wote mia nane, na noti alizozihesabu mzee yule zilikuwa za bima, bado zimefungwa raba ya benki.

"Kaka, nitakurudishia."

"Utanirudishia nini? Ni zako. Ulizifukuza mwenyewe, ukazirudisha mwenyewe." Akasita. "Ila usinifanyie tena."

Baada ya miezi michache ikafika habari ambayo hakuiamini mpaka alipoisikia mara mbili. Waraka alikuwa amepeleka shauri kwenye baraza la migogoro ya kazi. Baraza likasema sheria hairuhusu mtu afukuzwe bila kusikilizwa, hata kama mwenyewe ndiye aliyetunga kanuni hiyo. Kufukuzwa kwake kukabatilishwa, akalipwa fidia ya mishahara ya mwaka mzima. Alimpigia Mama Milimita simu, sauti imeneemeka.

"Nawe peleka, mama. Ulifukuzwa kwa waraka uleule."

"Mimi nilisikilizwa, Mkuu."

"Nani alikusikiliza?"

"Kamati. Niliomba mwenyewe."

"Ah," alisema Waraka kwa huruma ya kweli. "Hapo uliharibu."

Mama Milimita alicheka. Hakutegemea kucheka, lakini alipokata simu alikuwa bado anacheka, mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini, na machozi aliyofuta baadaye hayakuwa yote ya kicheko.

Wakulima nao walikuwa na lao. Bima iliwaambia kwamba msimu unaofuata ingeweka kipimo kingine kwenye eneo la ushirika wao, na ushirika uchague mpimaji. Kikao kilikaa siku nzima. Kijana mmoja mwenye diploma alijitokeza. Kaka mtu alikaa akitazama kofia yake. Mtu akasema, "Yule mama aliyefukuzwa je?" Ukumbi ukalipuka. Wengine walisema mla sukari hapewi ghala, wengine walisema heri zimwi likujualo. Mwishowe alisimama mama mmoja aliyekuwa na ekari mbili na watoto sita.

"Mimi mahindi yangu yalikauka mwezi ule," alisema. "Nilimlaani mpaka nikachoka. Lakini niambieni, kati ya wale wote arobaini na wangapi, nani mwingine aliyekuja kusema? Huyu kijana simjui akidanganya atafanya nini. Huyu mama namjua."

Alipita kwa tofauti ya kura saba.

Posho ilikuwa ndogo, robo ya mshahara wake wa zamani, na mkataba ulikuwa na kurasa tatu alizozisoma neno kwa neno kabla ya kutia saini. Kila asubuhi alitembea nusu saa mpaka kwenye uwanja wa ushirika, akafungua uzio, akapiga goti. Magoti siku hizi yalilia. Wiki ya kwanza wakulima watatu walikuja kusimama nyuma yake na kuchungulia. Wiki ya pili alikuja mmoja, akakaa kidogo, akakumbuka ana mbuzi hajawafungulia.

Msimu ulichelewa kuanza. Siku kumi na moja mfululizo chupa ilitoka tupu, naye akaandika sifuri, sifuri, sifuri, kwa wino mweusi, kila moja imeviringwa vizuri. Siku ya kumi na mbili alikuta tone. Alilimimina kwenye gilasi, likateleza mpaka chini na kukaa pale bila kufikia mstari wa kwanza. Alilitazama muda mrefu, akalinusa, akalitazama tena. Kisha kwenye safu ya Maelezo akaandika: "Umande."